Miche Tuliyoipigia Magoti

Simu ya Mama Atupele ilinikuta mezani kwangu sokoni Tunduma, nabishana na mteja wa ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amenisalimia kwa lugha ya kwao, "Mulishani," kwa adabu zote, halafu anataka koti zima kwa bei ya kitambaa cha kudekia. Nilipoona jina la mama yule kwenye simu nikajua tayari, maana yeye hapigi mchana. Akasema, "Mwanangu, mwenzio ametutoka." Mteja aliendelea kubishana peke yake kidogo, kisha akanitazama usoni, akaliweka koti mezani taratibu akaondoka. Nilikaa juu ya belo la nguo. Jirani yangu wa meza akaniuliza nimefiwa na nani, nikamjibu rafiki, na nilivyolitamka neno hilo nililiona dogo mno. Atupele alifia kule Momba, kwenye joto alilolichukia tangu siku ya kwanza, ila alishawaambia watoto wake kwamba akifa asizikwe kule, arudishwe Ihanda. Nikafunga meza. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikumfikiria Atupele mgonjwa wala Atupele mama wa watoto. Nilifikiria mwaka mmoja tu, ule tuliokuwa na miaka kumi na minane, tulipohangaika na njia ya chemchemi.

Kwa nini nilikuwa nalala kwao na si kwetu, hiyo ni habari ndefu na haina faida hapa. Nilikuwa nalala kwao, basi. Chumba chetu kiliungana na stoo ya kahawa, na kila nguo niliyokuwa nayo ilinukia kahawa kavu na magunia. Tulikuwa na kitanda kimoja na blanketi moja zito, na Atupele alikuwa na tabia ya kulivuta lote upande wake halafu asubuhi anakana. Ukuta wa matofali haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno yote ya jikoni yalitufikia kama vile tumekaa nao kwenye mafiga. Ndivyo tulivyojua nani kachumbia wapi, nani kagombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na ndivyo tulivyosikia lile ambalo hatukupaswa kulisikia. Ilikuwa alfajiri, Mama Atupele anachochea moto wa chai, baba naye amekaa kwenye kigoda chake anasubiri. Baba akasema maji yasiporudi mpaka wamalize kuvuna kahawa ya mwaka unaofuata, watahamia Momba kwa mdogo wake. Mama akauliza na mguu wake huu atafanya nini Momba, mahali ambapo hajui hata jirani mmoja. Baba akamjibu, bila ukali wowote, "Na hapa utafanya nini, mke wangu? Hawa mabinti wataolewa. Nani atakuchotea maji mtoni?" Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Atupele alikuwa macho pembeni yangu, akanishika mkono chini ya blanketi akaubana mpaka ukauma, akanong'ona, "Yatarudi. Tutayarudisha."

Mama yake alikuwa ameanguka akaumia nyonga, na tangu hapo alitembea na fimbo. Chemchemi ilikuwa chini tu ya shamba lao la kahawa. Hiyo angeiweza njia ikiwa wazi, polepole, akipumzika katikati. Mto ulikuwa mbali na una mteremko ambao hata sisi wenye miguu mizima tuliulalamikia. Na juu kidogo ya ile njia ya chemchemi ndiko makaburi yaliko, wamelala baba yake na mama yake, na watoto wake wawili waliotangulia wadogo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba suala lilikuwa ndoo ya maji, mwambie hajui anachosema. Suala lilikuwa kama yule mama atazeeka na kuzikwa karibu na watu wake au atapakiwa kwenye gari apelekwe akazeekee ugenini.

Zamani, walisema, korongo lile la chemchemi lilikuwa giza la miti. Mikuyu na mizambarau ya porini, kiasi kwamba jua halikuigusa chemchemi. Miti ikakatwa, huyu mbao, yule mkaa, kila mmoja mti mmoja tu, mpaka ikaisha. Ikaingia lantana. Kuna mtu aliipanda kama uzio, nani huyo hatukumjua, na kwa mwaka ule ilikuwa imeifunga njia juu mpaka chini. Ulipita umejikunja, umeinua mikono, na bado ilikuchana kanga. Majani yake yanakwaruza na yananuka harufu kali ambayo ukiishika inashinda mkononi hadi jioni. Nasema hivi ili ujue kwamba hakuna mtu pale asiyeijua lantana. Watoto wote tulikula vile vitunda vyake vyeusi na kutema kokwa njiani. Na chemchemi yenyewe ilikuwa imebaki kamshipa. Unaweka jagi, unakaa, unasimulia habari ya harusi nzima, ndipo linajaa.

Bwana miti alikuja kwa pikipiki mara moja. Alizungumza kwenye mkutano wa kitongoji, akasema lantana imekalia nafasi ya miti inayotunza maji, iondolewe, ipandwe ile ya asili. Akaahidi kurudi. Hakurudi, na simlaumu sana, maana pikipiki ilikuwa moja na vijiji vingi. Siku ileile ya mkutano watu walianza kunyanyuka waondoke, Atupele akasimama. Binti wa miaka kumi na minane, mbele ya wazee. Akasema Jumamosi yeye ataanza, mwenye panga na aje. Watu walicheka. Lakini Jumamosi walikuja, vijana wa kwaya, akina mama wa mtaa wetu, na mbele ya wote, na sululu begani, baba yake mwenyewe. Mimi nilidhani yeye ndiye anayetaka kuhama. Baada ya kumwona akichimba mashina siku ile nzima bila kunyoosha mgongo nikaelewa kwamba hakuna mtu aliyeiogopa Momba kuliko yeye.

Tulifanya kazi ile kiangazi chote, kila Jumamosi, bila mtu kutuahidi hata soda. Mikono tuliifunga vipande vya gunia kwa ajili ya miiba. Mama Atupele hakuweza kushuka, akawa anapika kande za watu wote na kukaa juu kwenye mdomo wa njia, fimbo mapajani, anatutania. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye sauti nene, alipenda kukata pale walipo wasichana. Mama alimwambia lantana ya upande wa pili nayo ingependa kumwona. Tulikula tumekaa chini kwenye udongo ambao haujaona jua miaka mingi, kande za moto na togwa, harufu ya lantana kwenye nywele zetu, na mimi sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na furaha ya namna ile. Naichukia furaha hiyo. Nikiikumbuka nasikia aibu, kama mtu aliyecheza ngoma kwenye nyumba ambayo hajaambiwa kuna msiba.

Yalikuwa yamebaki malundo ya matawi, na kuyachoma hatukuruhusiwa. Serikali ya kijiji ilikataza moto karibu na chanzo cha maji, na ilikuwa sawa kabisa kukataza. Sasa hapa inabidi umjue mkulima wa kahawa wa Mbozi. Mtu wetu hawezi kuona udongo uko wazi. Chini ya mikahawa yake atatandaza majani, mabua, chochote, ili ardhi ishike unyevu na magugu yasiote, na hayo ndiyo matandazo. Anayeacha shina bila matandazo anasemwa kama anayewaacha wanawe bila shati. Baba Atupele alikuwa hodari wa hilo kuliko wote, watu walitoka vitongoji vingine kuja kulitazama shamba lake. Akayatazama malundo yale, akatazama njia yetu iliyobaki udongo mtupu, akasema tukishapanda tutandaze. Hakuna aliyebisha. Ningebisha mimi? Lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba nashangaa hata alilisema. Matawi yalikuwa yamejaa vitunda, vya kijani na vyeusi, tukayabeba kwa mikono yetu.

Mbegu za mizambarau tulizifuata kwenye bonde lingine ambako miti michache ilibaki. Tulikula zambarau mpaka ndimi zikawa rangi ya wino, tukaziosha kokwa, tukazileta nyumbani kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, kile cha wavu. Mama Atupele alizichukua zikawa zake. Alizianika, akazigeuza kila jua linapopanda, akachambua zilizooza, akazifunika mvua ikitishia, vilevile anavyofanya kahawa yake, mpaka ukizitikisa zinalia. Alikuwa amepata kazi yake katika kazi yetu, na ilimpendeza hata fimbo alianza kuisahau ukutani. Tukazipanda mvua zilipoanza, mashimo pande zote mbili za njia kutoka makaburini hadi chemchemi, na juu ya kila shimo matandazo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa napanga nguo mezani na redio imewashwa, nilimsikia mtu akieleza kwamba mbegu ya zambarau ya porini haianikwi. Ikikauka imekufa. Inapandwa ikiwa bado na majimaji yake. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mtu habari ya hali ya hewa, akaendelea na jambo lingine. Nikaizima redio. Kwa hiyo tulizika mizoga, na tuliizika kwa uangalifu mkubwa.

Lakini mwaka ule hatukujua, na mvua ikanyesha, na miche ikatoka. Sijui nikuelezeje. Tulishuka asubuhi moja na ndoo zetu, na katikati ya matawi yaliyooza vimesimama vijani viwili viwili, pembeni mwa kila shimo, njia nzima. Atupele alikaa chini kwenye tope akalia. Baba yake alikuja mbio, akapiga goti, akavitazama kwa karibu bila kuvigusa, akatoa amri moja tu, ile ya kitaluni kwake, kwamba mche mchanga haushikwi na mkono wa mtu. Tukaitii, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuuona mzambarau mchanga, macho yaliona yalichotaka. Tuliing'olea nyasi kwa vidole tukiwa tumepiga magoti, tukihakikisha hata kucha haigusi jani. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki, kwaya nzima, na wengine waliimba. Kanisani ilitolewa shukrani. Siku hiyohiyo Mama Atupele akasema na yeye atashuka. Tulimshika mkono huku na huku, tukasimama mara nyingi, na alipofika akaangalia pande zote mbili zilivyokuwa kijani, akawatazama wazazi wake na wanawe kule juu, akasema, "Sasa nitazikwa hapahapa." Alisema akitabasamu. Baba Atupele aligeuka akajifanya anatengeneza mpini wa jembe.

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho tulipojua. Tulikuwa wawili tu, mimi na Atupele, na mbuzi wa mtu alikuwa amepita akaukanyaga mche mmoja. Ulikuwa umefika magotini. Atupele akauinua auegemeze, jani likavunjikia mkononi mwake. Akalinusa. Kisha akanipa mimi, nikalinusa. Harufu ile ile. Nilitaka kusema labda mkono wako ulishika lantana mahali, na nadhani nilisema, lakini yeye alikuwa amekwisha kwenda kwenye mche wa pili, akaminya jani, akanusa, akaenda wa tatu, akavuka upande wa pili wa njia, anaminya na kunusa, anaminya na kunusa, na mimi namfuata nyuma kama mjinga, tumepanda hivyo hadi makaburini. Hakuna hata mmoja uliokuwa mzambarau. Pale juu akageuka, mikono inanuka, akasema, "Tumeipalilia."

Baba yake alikataa kuamini mpaka aliposhuka mwenyewe. Alivunja amri yake, akashika jani, akalisugua, akalipeleka puani. Halafu akakaa katikati ya njia. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Mwanaume aliyesifiwa kwa matandazo wilaya nzima alikaa pale akiyatazama matandazo yake. Wiki hiyo na iliyofuata hakwenda kanisani. Watu nao, wengine walicheka, sitakuficha. Kilichozungumzwa kilabuni nilikisikia, kwamba kwaya ilipanda lantana na kuiimbia. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kung'oa, tukiwa wachache, na iliyofuata tena wachache zaidi. Mashina ya zamani yaliyobaki ardhini nayo yalikuwa yamechipua, na hii mipya tuliyoitunza ilikuwa na mizizi mizuri, minene, maana ilikulia kwenye unyevu na haikushindana na nyasi. Unavuta mpaka unaanguka chali. Mwisho tukabaki mimi na Atupele, kisha Atupele peke yake, kwa sababu mimi nilichoka nikamwambia nimechoka. Alinijibu sawa, nenda. Alirudi jioni mikono imechanika, akala ugali kwa mkono uliofungwa kitambaa, na hakuna mtu mezani aliyemuuliza kitu.

Kahawa ikavunwa. Kamshipa kale kakawa jasho la jiwe tu, kisha jiwe kavu. Waliondoka kwa Fuso mwezi ule wa upepo na vumbi. Mama alikaa mbele na dereva, fimbo katikati ya magoti, na hakugeuza shingo kuangalia upande wa makaburi. Baba alifungua ule wavu wa kichanja, akaukunja, akaupakia. Nikamwambia baba, Momba hakuna kahawa. Akanijibu kwamba anajua. Atupele alipanda juu ya magunia, tukashikana mikono mpaka gari likaanza kusogea, ikabidi niachie. Tulionana tena mara chache, kwenye harusi yake, kwenye yangu, kwenye msiba wa baba yake aliyezikwa hukohuko. Hatukuizungumzia ile njia hata mara moja. Tulizungumza watoto.

Nimewahi kuwasikia watu wa semina wakisema hakuna juhudi inayopotea. Nina mdomo, wanaonifahamu wanajua, na siku hiyo nilijizuia kwa shida. Ile yetu ilipotea, na ilipotea vibaya kuliko uvivu. Mvivu angeliacha lile korongo lilivyokuwa. Sisi tulilipandia, tukalifunika, tukalipigia magoti. Na kama hilo halitoshi, miaka si mingi baada ya wao kuhama likaletwa bomba, likawekwa pale kwenye kona ya shamba lao la zamani, unafungua tu maji yanamwagika. Nimekunywa maji yale. Yana ladha ya kawaida.

Tulimzika Atupele mwanzoni mwa mvua. Jeneza lilitoka Momba, na ili lifike makaburini vijana walitangulia na mapanga kuifungua njia, maana lantana imefunga pale kuliko mwaka ule. Walikata wakatupa kushoto na kulia. Mama Atupele alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee sasa, macho yameingia ukungu, haoni ila vivuli. Alikwisha kuamua harudi Momba, atabaki Ihanda kwa mpwa wake. Kaburi lilipofukiwa, udongo ulikuwa laini na wingu limeshatanda, kijana mmoja akasema lifunikwe, mvua isije ikauchukua udongo wote. Ni watu wa kahawa. Wakayachukua matawi yaliyokuwa karibu, yale waliyoyakata njiani, na vitunda vyake vyeusi, wakaanza kutandaza.

Nikasema msiweke hayo. Nilisema kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Yule kijana akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, ni matandazo tu. Udongo usiondoke." Walinitazama kwa huruma, mfiwa kachanganyikiwa. Nikapiga goti pale kwenye kaburi la mwenzangu nikaanza kuchuma vitunda kimoja kimoja na kuviweka kwenye kitenge. Mama Atupele alisikia majani yakichakarika, akauliza nachuma nini, nikamwambia hakuna kitu, mama. Nilichuma nilivyoweza. Mvua ikaanza, dada mmoja akanishika mabega akaninyanyua. Nilirudi Tunduma na kitenge kimefungwa fundo, nikavichoma vyote kwenye jiko la mkaa, na nyumba ilinuka mpaka wanangu wakalalamika.

Wiki iliyopita Mama Atupele alipiga simu, mchana tena, nikajua ni msiba mwingine. Kumbe alikuwa na furaha. Watoto wa mpwa wake walimpeleka makaburini, wakamwelezea kila kitu, kwa kuwa yeye haoni. Akaniambia kaburi la mwenzangu limeota vizuri, miche imetoka yenyewe, limekuwa kijani lote, hakuna udongo hata kidogo uliosombwa na mvua. "Nimewakataza watoto wasiishike," akasema. "Baba Atupele hakupenda mche mchanga ushikwe."

Nikamwambia vizuri, mama. Nikamwambia umefanya vizuri.